Kula Mbele za Watu

Keza alianguka saa ya watu wengi, na taabu yote ilianzia hapo. Angeanguka nyumbani, jambo lingebaki mle ndani. Lakini alianguka barabarani, Jumamosi jioni, mbele ya kibaraza cha Muzee Faradji fundi cherehani, mahali ambapo wanawake wa Majengo wanaotoka kuuza Goma, ng'ambo ya mpaka, ni lazima wapite na mabeseni yao matupu. Watu wa Majengo si wabaya, ila wakiona kitu hawawezi kukaa nacho. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imeshavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho.

Huko mpakani ndiko ilikomkuta mama yake, Kaltumu, amesimama kwenye mstari wa kurudi, mayai yote ameuza, miguu inamuuma, na njaa aliyoamka nayo asubuhi bado anayo.

"Mama Keza," mwenzake mmoja akamwambia, mkono ukitoa pole na macho yakitafuta mengine, "mutoto wako ameanguka pale kwa Faradji. Banasema pengine iko na mimba."

Askari alipomrudishia kitambulisho tu, Kaltumu alivua kandambili, akazitupa ndani ya beseni, akakimbia peku kama msichana. Watu walimpisha. Mwanamke mzima akikimbia na beseni kichwani, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi.

Alimkuta Keza amekaa kwenye kigoda cha fundi, kikombe cha chai mikononi, rangi imemrudia usoni. Muzee Faradji alikuwa amemtilia sukari mpaka kijiko kikasimama. Marehemu mke wake aliishi na ugonjwa huohuo miaka mingi, kwa hiyo alipoona lile jasho na ile mikono hakuhitaji kuambiwa kitu. Na kwa kuwa ni mtu wa heshima, aliwaacha watu waseme ya mimba bila kuitoa siri ya mtoto wa mwenzake.

Maana Keza alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowashika hata watoto, wa kujidunga insulini kila siku. Sukari ikipanda ni shida. Ikishuka ni shida ya haraka: mtu anatetemeka, jasho linamtoka, akichelewa macho yanaingia giza. Na dawa ya kushuka ni rahisi kuliko dawa zote, ni kutia kitu kitamu mdomoni. Ndiyo maana kila akienda mazoezi ya ngoma Kaltumu alimpa pakiti ya bombo, zile pipi za kumung'unya, na mandazi mawili kwenye karatasi. Sasa mtu mwenye bombo na mandazi anaangukaje? Kaltumu alijiuliza hivyo njia nzima, amemshika binti yake kiuno, anajibu salamu za majirani kwa kichwa tu.

&nbsp;

"Bombo iko wapi?" aliuliza mara mlango ulipofungwa.

"Iliisha."

"Yote?"

"Yote."

"Na mandazi?"

Kaltumu alikuwa ameshaufungua mfuko na kuyatoa, mandazi yote mawili, mazima, hata karatasi haijafunuliwa. Aliyaweka mezani mbele ya mume wake kama anayeonyesha ushahidi kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Ona, Baba Keza. Mutoto anabeba chakula, anaacha kukula, anaanguka. Huyu anataka kufa na kutuchekesha batu."

Jado, baba yake, alikuwa fundi wa moteri za mashua bandarini Rubona, mtu wa maneno machache na mikono isiyotakata hata Idi. Aliyatazama mandazi, akamtazama binti yake, akaendelea kunywa chai.

"Bon," Kaltumu akasema. "Ngoma imeisha. Kuanzia leo."

"Mama, ndoa ya dada Uwera imebaki majuma mawili."

"Batatafuta mwingine."

"Mi njo ninacheza mbele."

"Atacheza mwingine mbele. We utakaa na miye kwa kiti, utapiga mikono."

Uwera alikuwa binti wa Mutoni, dada mkubwa wa Kaltumu, yule aliyeolewa kwa Wakristo na kubatizwa, na ambaye bado huleta nyama ya Idi mapema kuliko Waislamu wenyewe. Familia nzima ilikuwa inaisubiri ndoa hiyo. Keza ndiye aliyechaguliwa kuongoza mstari wa wasichana, mikono juu kama pembe za ng'ombe wa kifalme, mabega yametulia, shingo ndefu. Tangu aambiwe ana sukari hakuna jambo jingine lililomtoa meno nje. Sasa aliinuka, akaingia chumbani, na mlango hakuubamiza. Kaltumu angependa aubamize, angalau angepata la kusema.

"Mwache acheze," Jado akasema.

"We unajua nini? We unatengeneza bamoteri."

"Njo. Na moteri ikizima, siseme mashua isiende tena kwa maji. Naangalia kwanza nini imeizimisha."

"Mutoto si moteri."

"Sikusema ni moteri," Jado akajibu, akachukua andazi moja na kulila, kwa kuwa hakuona sababu ya kulitupa.

Kaltumu alikasirika, lakini neno lilimkaa. Akaamua kwamba Jumatatu atampeleka mtoto kituo cha afya, kwa muganga Akaliza. Si kwamba alitaka kujua nini kimezimisha moteri. Alitaka muganga aseme mwenyewe kwamba ngoma ni marufuku, ili ubaya uwe wa serikali na si wa mama.

&nbsp;

Akaliza alikuwa muuguzi wa chumba cha vijana. Kwao walirudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kile kirefu kilichonyooka, hata wamama wa Majengo walisema ukitoka kwake unahisi umesikiliza taarifa ya habari. Walimcheka, na walimpenda. Aliwakaribisha, akampima Keza, akaandika alichoandika, kisha akamgeukia Kaltumu kwa tabasamu.

"Mama Keza, nitakuomba utupishe kidogo."

"Nitoke?"

"Kidogo tu. Nitakuita."

"Mi njo mama yake."

"Najua. Kwa kuwa wewe ni mama yake, ndiyo maana nakuomba. Huwa naongea na vijana wangu peke yao kwanza. Wote, hata mtoto wa meya."

Kaltumu alitoka. Alitoka kama anayefukuzwa nyumbani kwake, akakaa kwenye benchi la nje katikati ya watu wanaosubiri. Mama mmoja mnene aliyembeba mjukuu alimsogelea, akakitazama kile chumba, akatikisa kichwa.

"Bamekutosha nje? Hapo kwa bijana bakikutosha, ujue ni mambo ya tumbo. Pole, mama yangu. Hata wangu ilikuwa vile, na leo anasoma chuo."

"Wangu hana tumbo," Kaltumu akasema.

"Njo, njo. Hata miye nilisema vile."

Kaltumu alikunja mikono na kutazama ukuta. Aliona haya, akaona hasira juu ya haya. Miaka kumi na tano amemlea, amemwogesha, tangu mwaka jana amejifunza kumdunga mpaka mtoto akajua mwenyewe, leo anakuja msichana wa Tanzania kusikia yale ambayo yeye hasikii. Halafu dirisha, lililokuwa wazi kidogo, likatoa sauti. Haikuwa maneno. Keza alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho nyumbani hakijasikika tangu kiangazi. Kaltumu alifurahi na kuona wivu kwa wakati mmoja, na hakujua atangulize kipi.

Alipoitwa alikuta Keza amekaa wima.

"Keza ana jambo," Akaliza akasema. "Mimi sitalisema, ni lake. Nimemwambia kwamba utamsikiliza mpaka mwisho. Nimekosea?"

"Mi nasikiliza."

Keza alivitazama viatu vyake. "Bombo niligawa," akasema. "Nilitoa moja nikule, bote bakaniangalia. We uliniambia mutoto wa adabu hakule peke yake wenzake banaangalia. Basi nikapa kila mutu, ikaisha. Hawajui kama ni dawa yangu."

"Na mandazi?"

"Mandazi nilibaki nayo. Tukaachana na wenzangu, nikashuka. Mbele ya msikiti nikaanza kutetemeka. Nikasema nitoe nikule. Lakini batu balikuwa bengi, na muzee Faradji alikuwa ananiangalia, na we uliniambia..."

"Nilikuambia nini?"

"Mwanamuke hakule njiani."

Kaltumu alikumbuka vizuri kabisa kwamba alisema. Alisema si mara moja. Alisema tangu mtoto anajifunza kutembea, siku aliyompokonya hindi la kuchoma mkononi pale sokoni, na kibao kidogo juu yake. Na yeye mwenyewe, mama yake alimwambia vilevile, ndiyo maana huvuka kwenda Goma na kurudi bila kutia hata punje mdomoni, harufu ya sambusa imejaa barabara nzima. Kula njiani ni tabia ya mbuzi, hivyo ndivyo walivyolelewa.

"Kwa hiyo ulikubali uanguke," akasema, na sauti ilimtoka ndogo.

"Nilifikiri nitafika nyumbani."

Akili ya Kaltumu ilitafuta mtu wa kumlaumu, ikarudi mikono mitupu. Mtoto alikuwa amemtii. Alimtii mpaka akazimia. Machozi yalimlenga, akayafuta upesi na ncha ya kitenge kabla muganga hajayahesabu.

"Muganga, umukataze ngoma," akasema. "Usipomukataza, itatokea tena."

"Siwezi kumkataza, maana ngoma inamfaa," Akaliza akajibu. "Mwili wake unaitaka na moyo wake pia. Apime kabla ya kucheza, ale kidogo. Akianza kutetemeka, anywe fanta au alambe sukari, kisha ale kitu cha kukaa tumboni. Lakini papo hapo, Mama Keza. Popote alipo, mbele ya yeyote. Hawezi kungoja afike nyumbani."

"Pale kwa ngoma," Keza akaongeza polepole, "hakuna mutu ananiuliza kama nimejidunga. Nyumbani mi ni sukari. Masomoni mi ni sukari. Pale mi ni Keza."

Kaltumu alijifunga kitenge upya. "Bon. Bon, nimesikia. Nitaenda kuona mwalimu wa ngoma, nimwambie, aambie bote bajue, hata majirani bajue, mutu asi..."

Uso wa Keza ulijifunga kama duka saa ya sala. Kaltumu aliuona, akaacha sentensi katikati. Akaliza naye hakumsaidia, alikuwa anamngoja Keza.

"Nitabambia mi mwenyewe," Keza akasema. "Wenzangu ba ngoma tu. Si majirani."

"Sawa. Na miye nifanye nini? Nikae tu?"

"We ukule."

"Nikule nini?"

"Ukule na miye. Njiani. Mbele ya batu. Mi siwezi kuanza peke yangu."

Kaltumu alimgeukia Akaliza, akitafuta mtu mzima mwenzake chumbani. "Muganga, we unakula njiani?"

Akaliza alifikiri kwa uaminifu, kisha akacheka. "Sijawahi. Mama yangu angenikata masikio. Anza wewe, mimi nitafuata."

&nbsp;

Ijumaa Kaltumu alikwenda kumchukua Keza mazoezini. Ndani ya mfuko alikuwa na chupa ya fanta na mandazi aliyoyakaanga mwenyewe, na njia nzima ya kwenda aliomba Mungu sukari isishuke, angalau si leo. Mungu ana mambo mengi Ijumaa. Walipofika karibu na kibaraza cha Muzee Faradji, Keza alisimama, akanyoosha mkono, vidole vinacheza vyenyewe.

"Mama, inaanza."

"Twende hapa nyuma ya nyumba, haraka."

Keza hakusogea. Alimtazama tu mama yake, jasho limeanza kumtoka juu ya mdomo. Watu walikuwa wanatoka msikitini. Wanawake wa Goma walikuwa wanarudi. Fundi alikuwa kwenye cherehani lake, miwani imemshukia puani.

Kaltumu alifungua chupa kwa meno, akampa. Keza akanywa kutoka mdomo wa chupa, kichwa nyuma, barabarani, binti wa watu. Halafu mama yake akatoa andazi, akalitazama kama dawa ya kuhara, akaliuma.

Lilikuwa andazi zuri, lakini mdomo ulikuwa umekauka na halikutaka kushuka. Alitafuna. Ilionekana kwake kwamba Majengo nzima imesimama kumsikiliza akitafuna. Cherehani la Faradji kwa hakika lilisimama.

"Kaltumu," mzee akasema. "Mi nilijua mama yako."

"Angekuwa hapa, Muzee, ningemupa na yeye," Kaltumu akajibu mdomo umejaa, jambo la pili ambalo alikuwa hajawahi kulifanya maishani. "Karibu andazi."

Mwenzake yule wa mpakani naye akapita, beseni kichwani, akapunguza mwendo. "Mama Keza, leo njaa imekuua?"

"Imeniua. Tangu asubuhi, kama weye. Kamata."

Mwenzake alicheka, akaangalia kushoto na kulia. Harufu ya iliki ilikuwa mkononi, na yeye pia alikuwa ametoka Goma tumbo tupu. Alichukua. Alikula akitembea, haraka, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, na hakuuliza tena habari ya mimba. Keza alimaliza fanta, akala andazi la pili taratibu, mikono ikatulia, na kicheko cha puani kikamtoka hapohapo barabarani.

"Mama, una sukari kwa pua."

"Nyamaza, ukule," Kaltumu akasema.

&nbsp;

Maneno yalifika kwa Mutoni kama yanavyofika yote. Asubuhi ya ndoa, akimfunga Kaltumu mushanana, lile vazi la sherehe, begani, alianza kwa kuzunguka.

"Dada yangu, banasema siku hizi unakula njiani."

"Nakula."

"Sawa, ni mudomo wako. Lakini leo wakwe banatoka Kigali. Ni batu ba maofisi, banaangalia kila kitu. Keza akisikia vibaya, apite nyuma, jikoni. Nimeacha mutu pale na fanta. Tusikilizane. Mi namupenda mutoto, unajua."

Kaltumu alijua. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya dada yake, na kwa kuwa kuna siku mtu hawezi kupigana na kila mtu, alikubali. Alimwambia Keza, naye akaitikia "ndiyo, mama" kwa sauti ambayo haikuahidi kitu.

Uwanja ulikuwa karibu na ziwa, mahema mawili yametazamana, upande wa bwana na upande wa bibi. Bibi harusi alikuwa amefichwa ndani ya nyumba, kama desturi inavyotaka, mpaka wazee wamalize kuombana na kutaniana na kukubaliana, ndipo atolewe kwa vigelegele. Kaltumu alikaa mstari wa pili, Jado pembeni yake, mikono ameisugua mpaka imekuwa ya mtu mwingine. Ngoma ikalia. Keza akaingia wa kwanza.

Alicheza kama ambavyo mama yake alikuwa hajawahi kumwona, kwa kuwa akimfuata mazoezini humkuta ameshachoka. Mikono ilipanda, shingo ikazunguka, miguu ikapapasa nyasi kama inazibembeleza. Wakwe wa Kigali waliacha simu zao. Ngoma ya kwanza ikaisha, watu wakapiga makofi, msemaji wa upande wa bwana akainuka na fimbo yake kuanza maneno ya kuomba, na wasichana wakabaki kwenye mstari kusubiri ngoma ya pili.

Hapo Kaltumu aliona vidole.

Aliinuka nusu, akamwonyesha Keza kwa macho njia ya jikoni. Keza aliiona ishara. Aliiona vizuri. Akatoka kwenye mstari, na badala ya kwenda nyuma akaenda pembeni tu, palepale mbele, ulipokuwa mfuko wake, akafungua fanta. Akanywa. Akatoa mkate, akaumega, akala, amesimama, amewatazama wageni wote wa mahema mawili, uso hauna haya wala ujeuri. Msichana wa pili kwenye mstari akamfuata, akanyoosha mkono akamega kipande. Na wa tatu. Keza alikuwa amewaambia, na sasa walikuwa wanakula naye ili asile peke yake.

Minong'ono ikaanza. Msemaji akapoteza alikofika. Mutoni aligeuza shingo, akamtafuta dada yake kwa macho, na macho yalikuwa yanasema yote. Kaltumu aliona haya, haya ya kweli, yalimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Angeweza kukaa kimya, ipite. Alimtazama tena mtoto wake, mzima, amesimama kwa miguu yake, anatafuna mbele ya mji wote. Akaweka mkono mdomoni, akavuta pumzi, akapiga vigelegele.

Alivipiga virefu, vile vya mtoto aliyezaliwa, Jado akashtuka kitini. Wanawake wa Majengo, wakidhani wamechelewa jambo, wakampokea. Hema la kwanza likalia, la pili likajibu. Na wakwe wa Kigali, waungwana wenye kujua desturi, wakainuka wote kwa pamoja, wakarekebisha nguo zao, wakageukia mlango wa nyumba kumpokea bibi harusi ambaye hakuna aliyekuwa amemwomba bado.